Nne ya Mama Yake Hedley

Babu yangu, Hedley Kitto, alihesabu vibua kwa maneno ambayo hakuna mwingine pale gatini aliyeyajua. Alishika samaki watatu kwa mpigo, wawili mkono wa kulia na mmoja wa kushoto, akawatupa tengani na kutamka: onan. Watatu wengine: dew. Wengine: tri. Mambo mengine yote aliyasema kwa Kiingereza, kama sisi sote wa kijiji cha Porthvean. Kikornishi, lugha ya kale ya kwetu, kilikwisha vinywani mwa watu kabla babu yake hajazaliwa. Kwetu ilibaki hesabu hiyo tu, na alisema kapewa na mama yake.

"Mzee Hedley, hizo namba zinavuta samaki?" wavuvi walimtania.

"Zinafukuza wavivu. Sijui wewe mbona bado uko hapa."

Mwaka ule, 1957, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kinasa sauti cha kuazima, nikiamini kwamba ukweli ukisemwa vizuri hupokelewa vizuri. Chama cha kufufua lugha hiyo kilikuwa kinatafuta watu waliorithi Kikornishi kutoka kwa wazazi wao, hata maneno machache, mradi si vitabuni. Majina yao yangesomwa Septemba, kwenye mkutano wa chama wa kila mwaka, kilimani.

"Na la mama yangu litasomwa?" babu aliuliza.

"Litasomwa, Babu."

Siku ile ile alitoa suti yake ya kanisani akaitundika dirishani ipigwe na upepo.

Niliandika barua kwa chama, na ndani yake nikaweka habari za Jakez. Jakez alikuwa Mbretoni muuza vitunguu, aliyevuka bahari kila kiangazi na baiskeli iliyosheheni mafungu yake. Mwaka wa kwanza alimsikia babu akihesabu, akaegesha baiskeli, akahesabu naye kwa lugha ya kwao, Kibretoni. Wakafika ishirini karibu bila kuachana, namba zao zilivyofanana. Tangu hapo, kila kiangazi, waliketi ukutani wakihesabu samaki wa babu, kisha Jakez akamweleza maana ya majina ya mashamba yetu wenyewe, maana kwao maneno yale yalikuwa bado yanasemwa jikoni. Niliandika hayo kwa sababu sikujua jambo lingine zuri kuliko hilo.

Bwana Carlyon wa chama alikuja Jumamosi. Alikunywa chai, akala mkate wa zafarani, akamsikiliza babu akihesabu vibua uani mpaka ishirini, mara mbili. Kisha akafunga daftari.

"Mzee Kitto, ulikaa na huyu Mbretoni miaka mingapi?"

"Viangazi thelathini. Vita vilitukatisha katikati."

"Nne yako ni ya kwao. Sisi tunaisema vingine."

"Ni ya mama yangu."

"Mama yako aliisemaje? Jaribu kumkumbuka yeye, si Jakez."

Babu alifumba macho. Midomo yake ilicheza, ikatulia. Alikaa hivyo mpaka nikaona aibu kumtazama.

"Kiwelshi, Kibretoni na Kikornishi ni ndugu," Bwana Carlyon aliniambia mlangoni. "Chetu na Kibretoni ni kama pacha. Neno likivuka toka huku kwenda kule, halina alama. Nne ikiwa ya Jakez, nitajuaje tatu si yake pia?"

"Lakini kufanana kwenyewe ndiko kunakoonyesha ni urithi."

"Binti, bila barua yako ningesema nne yake imepotoshwa na meno ya uzee, nikaandika jina lake. Sasa nimeshajua." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Babu alikuwa anaikunja suti. "Ulimwambia habari za Jakez kwa nini?"

"Kwa sababu ni kweli, Babu."

"Najua ni kweli. Sikukuuliza hilo."

Agosti Jakez alikuja, nywele nyeupe, akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda. Babu hakumpa hata nafasi ya kuketi.

"Ule mwaka wa kwanza, nne yangu ilikuwaje?"

Jakez alicheka. "Ilikuwa ya ajabu, ndugu yangu. Nilikucheka mpaka ukakasirika. Kiangazi kilichofuata ukaja unasema kama mimi."

"Kwa hiyo nilikuwa na yangu."

"Ulikuwa nayo."

"Niambie basi. Ilikuwaje?"

Jakez aliacha kucheka. Aliitazama bahari, akamtazama babu, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. "Sikumbuki, Hedley. Nisamehe. Sikumbuki."

Nilimwandikia Bwana Carlyon tena, nikamweleza aliyoyasema Jakez. Alijibu kwa adabu kwamba ushahidi wa rafiki ni ushahidi wa rafiki.

Septemba majina yalisomwa kilimani, la babu na la mama yake hayakuwamo. Sisi tulikuwa gatini. Babu alitupa vibua watatu: onan. Watatu wengine: dew. Tri. Ilipofika zamu ya nne, akasimama na samaki mikononi, wawili kulia na mmoja kushoto, wakidondosha maji juu ya buti zake. Hakuna mvuvi aliyemtania.

Aliwarudisha samaki wote chini, akaanza upya, kwa Kiingereza.