Kamba ya Mguuni

Hakuna shule iliyomtaka Lakot. Ile ya mwisho, hapo hapo mtaani kwao Bwaise, Kampala, ilimvumilia muhula mmoja tu. Alikuwa msichana wa miaka tisa, maneno yake yalikuwa mawili, "mama" na "maji", na kifafa kilimwangusha mara kwa mara. Mwalimu alimchapa kwa kutoka darasani, akamchapa kwa kutojibu, mwishowe akamrudisha nyumbani vidole vimevimba.

"Mtafutie shule ya watoto wa aina yake," mwalimu mkuu alimwambia Aol, mama yake.

"Iko wapi, mwalimu?"

"Uliza. Zipo."

Aol aliuliza. Aliyoelekezwa ilikuwa ya bweni, mbali, na karo yake hata angefanya kazi usiku na mchana asingeifikia. Mumewe, mwanajeshi, alikuwa amefariki, na ndugu za Aol wote walikuwa mbali, Kitgum, kaskazini mwa nchi. Yeye alifua nguo kwenye nyumba za watu Nakasero, mtaa wa matajiri, na waajiri wake hawakutaka kuona mtoto pale. Siku ya kwanza alipomwacha Lakot peke yake, mtoto alikutwa katikati ya barabara ya Bombo, magari yakimpigia honi. Ndipo Aol akanunua kamba. Kila asubuhi alimfunga mguu kwenye kitanda, akamwekea uji na kikombe cha maji, akatia kufuli mlangoni. Ilifika wakati Lakot akawa anaunyoosha mguu mwenyewe kabla hajaambiwa.

Nabwire, Mkenya wa Busia aliyeuza mitumba mbele ya vyumba vya kupanga walimoishi Aol na bintiye, alijua mtoto hushinda ndani. Kamba hakuijua.

Kisha ikaja mvua iliyoanza alfajiri ikakataa kukatika. Mtaro ulifurika, maji meusi yakaingia vyumbani. Nabwire alikuwa akiyapandisha marobota yake juu ya meza aliposikia sauti ya Lakot: "Maji! Mama, maji!" Alidhani mtoto ana kiu. Lakini kilio hakikukoma, akakimbia, akavunja kufuli kwa jiwe.

Lakot alikuwa amepiga magoti, maji yamemfika kifuani, mguu umevutwa kuelekea kitandani. Fundo lilikuwa limeloa, halifunguki. Nabwire alipapasa chini ya maji na wembe wake wa kufungulia marobota mpaka kamba ikakatika. Mguu ulipotoka, aliona kidonda kilichooza kuzunguka kifundo chote.

Aol alirudi jioni akakuta watu wamejaa uani. Mwanamke mmoja alimzaba kofi kabla hajauliza kitu.

"Mama Lakot," Nabwire alisema, "huyu ni mtoto au ni mbuzi?"

"Nilimfunga asife."

"Asife? Nimemkuta anakufa!"

"Basi niambie, dada. Ningempeleka wapi? Sema, niende naye sasa hivi."



Majirani waliwapeleka Aol na mtoto polisi. Afande Rajab, aliyeshughulikia kesi za watoto, aliukagua ule mguu. Alipiga simu kwenye makao ya watoto, moja baada ya jingine. Mengine yalikuwa yamejaa, na lile lenye nafasi lilisema halipokei mwenye kifafa.

"Nikikuweka ndani," alimwambia Aol, "huyu atalala wapi?"

Afande alimkaripia, akamwonya, akawaruhusu warudi nyumbani.

Kidonda kilipona, ila kifundo hakikunyooka tena, na Lakot akawa anachechemea. Aol aliacha kazi ya Nakasero. Sasa anachoma mahindi kando ya meza ya Nabwire, binti yake akiwa ameketi nyuma yake juu ya gunia, na siku ambazo mahindi hayauziki wanalala na maji matupu.

Adhuhuri watoto wa shule hupita pale na sare zao, wakisukumana na kucheka. Lakot akiwaona huinuka aende nao. Aol humshika mkono na kumkalisha, naye hupiga kelele mpaka wapite wote.