Sindano ya Kidole Gumba

Kila Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri kanisani, Pil-sun na mumewe Gwi-nam walipanda mlima ulio nyuma ya soko. Na tangu majani yaanze kugeuka mekundu, Gwi-nam alikuwa akisimama kwenye ngazi ile ile ya mawe, mkono kifuani.

"Ni kimchi yako, Mama Sun-ho," alimlaumu mkewe. "Hiyo kabichi ya kuchachusha unaitia pilipili utadhani unaua panya!"

"Na bakuli la pili, nilikulisha kwa nguvu?"

Kila mara Pil-sun alitafuta uzi mfukoni, akamfunga kidole gumba na kukitoboa kwa sindano ya kushonea, kama mama yake alivyowafanyia waliovimbiwa. Tone la damu nyeusi lilitoka, Gwi-nam akacheua, maumivu yakaisha.

Jumamosi hii walikuwa kwenye mfungo. Tangu jana mchana, maji tu. Walipofika kwenye ngazi ile, Gwi-nam akashika kifua. Upepo ulikuwa wa baridi, lakini jasho lilimtiririka. Akanyoosha kidole mwenyewe.

"Choma, tuendelee."

Pil-sun alitoa sindano, akabaki ameishika. Achome kwa ajili ya nini? Tumbo lilikuwa tupu. Maumivu haya hayakuwahi kumjia mumewe mezani, wala alipojilaza na shibe yake. Yalikuja akipanda, yakaondoka akitulia. Basi kilichompa nafuu hakikuwa sindano. Ni yale mapumziko aliyoyapata wakati yeye akihangaika na uzi.

"Kaa chini, Baba Sun-ho. Huo ni moyo."

"Udaktari umesomea wapi? Nikicheua tu..."

"Ucheue nini, maji? Kaa!"

Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Wakisubiri, alimshika mkono, akaomba kwa sauti, "Bwana, mimi nimechelewa kuona. Wewe usichelewe."

Waokoaji walimshusha kwa machela. Siku hiyo hiyo, hospitalini, mshipa wa moyo uliokuwa umebaki na upenyo mwembamba kama uzi ukazibuliwa.

"Kiungulia na moyo hutuchanganya hata sisi," daktari alimwambia Pil-sun. "Ndiyo maana tunapima, hatukisii."

Majira ya kuchipua yalipofika, daktari akaruhusu mlima, polepole. Kwenye ngazi ile Gwi-nam akasimama. Pil-sun akamtazama usoni.

"Kifua?"

"Kimya. Tumbo ndilo linauliza kimchi iko wapi."

"Mlafi wewe!" Pil-sun alisema, machozi yakimlenga, wakapanda ngazi iliyofuata.