Kamba ya Wageni wa Wegesa

Nyangi alikuwa anamenya mihogo Jumanne asubuhi, pale bintiye Wegesa, mwenye miaka kumi na saba, alipoacha kufagia uwanja na kuuambia ukuta, "Nimesikia, ngojeni nimalize." Ilikuwa mara ya nne wiki ile. Alipoulizwa, akaeleza kwamba kichwani mwake wamo vijana watatu wanaotangaza kila analofanya, na kwamba mmoja wao ana kikohozi.

Nyangi aliogopa. Mdogo wake wa kiume alianza hivyohivyo, watu wakasema yatapita, na baada ya miaka miwili akapelekwa hospitali amefungwa kamba, hata jina la mama yake halijui. Nyangi akaweka kisu chini, akamshika binti mkono, wakaenda zahanati ya kijiji.

Wegesa akamwamkia mganga, Hezekia, kwa heshima zote. Hapo kesi ikaisha. Kwa utaratibu, Hezekia alieleza, mgonjwa wa akili ni yule asiyeamkia wakubwa na anayeletwa amefungwa. Fomu yenyewe ilikuwa na nafasi ya kujaza urefu wa kamba.

"Mama, huyu bado," alisema. "Akizidi, mlete."

"Mimi nataka asizidi."

"Sawa. Mlete akizidi."

Alhamisi wale vijana walitoka. Walipitia sikio la kushoto, mmoja mmoja, wamevaa kaptura za kaki, wakilalamika kwamba mle ndani pamebana. Walikaa kwenye benchi wakaomba ugali, na Nyangi akaongeza unga. Mniko, balozi wa nyumba kumi, akawaandika kwenye daftari la wakazi, kwani serikali ilisema kila mtu ahamie kijijini na haikusema atokee wapi. Kesho yake wakapangiwa shamba la ujamaa.

Jembe hawakuligusa. Walisimama kwenye tuta wakawatangaza Wegesa na jirani yake Rhobi: "Rhobi anapalilia. Wegesa anapalilia vibaya, kila mtu anamcheka." Hakuna aliyecheka, lakini Wegesa aliinama zaidi, machozi yakimdondoka kwenye mtama. Mniko aliwapenda siku mbili nzima, akisema kijiji kimepata wasimamizi wa bure. Siku ya tatu wakatangaza: "Balozi amelala kwenye kivuli. Balozi amegeukia upande wa pili."

Kabla ya saa tisa barua ya rufaa ilikuwa imegongwa muhuri, na kamba ya katani Mniko aliileta mwenyewe.

Lori la ushirika likawafikisha hospitali ya mjini. Wale vijana walikuwa wamefungwa barabara, hawakumwamkia mtu, na walimtangazia daktari kwamba kifungo chake kimoja kimekatika. Wakapewa vitanda vitatu na dawa. Nyangi akaomba Wegesa naye apimwe, maana alikuwa anatetemeka na hajalala siku nne.

"Kamba yake iko wapi?" nesi aliuliza kwa upole.

Wegesa akaandikwa msindikizaji, mzima, akapewa mkeka.

Dawa ilifanya kazi. Wiki ya tatu vijana waliacha kutangaza, na Wegesa akalala hadi jua likawa juu. Nyangi alikaa kando ya mkeka akalia kwa furaha, akijaribu kutopiga kelele. Wiki ya sita waliruhusiwa. Walimwamkia Nyangi shikamoo, wote watatu, kisha wakapanga foleni wakarudi sikioni, maana kwao ndiko. Tangu hapo wamekaa kimya, isipokuwa yule wa kikohozi, ambaye hukohoa kidogo mvua zikianza. Wegesa sasa hufagia uwanja hadi mwisho.

Wakati wa mavuno Rhobi alikuja na binti yake Bernadetha, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa anabishana na debe la maji, na debe linajibu. Walikuwa wametoka zahanati. Bernadetha alikuwa ameamkia vizuri, na Hezekia alikuwa amewaambia wasubiri azidi.

Nyangi hakuuliza mengi. Aliingia ndani akatoa ile kamba, ambayo hakuwahi kumrudishia balozi.

"Lifungeni debe," akasema. "Na mkifika, lisimwamkie mtu."