Sarafu Ukingoni mwa Kioo

...na huo nao ni mchezo wa namna gani, aliwaza Demetria, mchezo ambao kabla hujaucheza unakuambia usubiri, eti unajiongezea vitu vipya, asilimia thelathini na moja, mstari wa bluu umelala kwenye runinga kama mgonjwa, na Blessing yuko upande wa pili wa kochi, miguu juu, mabegi yake mawili yameshafungwa mlangoni, kesho asubuhi basi la Dodoma, chuo, mwaka wa kwanza, na katikati yao, juu ya kochi, ile rimoti ya pili ya gemu, mtoto hakumpa mkononi, kaiweka tu hapo, kasema, "Mama, mchezo mmoja tu, kabla sijaifungasha," na yeye kajibu lilelile la siku zote, kwamba gemu zenu mie siziwezi, na ni kweli, nani ataziweza, vitufe kumi na kitu, ramani, hadithi isiyo na mwisho, unakufa na kufufuka palepale bila hasara yoyote, wapi na wapi na mashine ya gemu ya Manzese enzi zake, kwenye kibanda nyuma ya duka la vipuri, sanduku refu la mbao, mpini mmoja, vitufe viwili, maisha matatu, yakiisha yameisha, toka mwenzio aingie, hapo mtu alijua anacheza, kiganja kinalowa jasho kwa sababu sarafu ile ilikuwa ya nauli na nyumbani Ubungo utakwenda kwa miguu... thelathini na nane... anasema nini huyu, kitu kuhusu chandarua, ndiyo, ameshakipanga, vizuri, na sanduku lilikuwa na kioo kilichopauka kwa viganja vya watu, na chini ya kioo ukingo mwembamba, foleni ilikuwa hapo, hamkusimama mstari, uliweka sarafu yako ukingoni, ya pili, ya tatu, ya nne, kila mtu aliijua yake, na hata wenye mikono mirefu hawakuzigusa, huo ulikuwa ustaarabu, nani anao leo, na yeye wa miaka kumi na minne, sketi ya shule, msichana peke yake mle ndani, akaiweka yake, na zamu yake ilipofika wakairuka, hawakumtukana, hawakumfukuza, waliisogeza pembeni kwa kidole wakachukua inayofuata, na kesho yake tena, na keshokutwa, wiki mbili nzima, anarudi nyumbani na sarafu ileile imepata joto mkononi, mpaka Albano, fundi redio, mkubwa wao, ambaye hakuna aliyemuweza kwenye mashine ile, akaweka kidole juu yake akauliza, "Hii ya nani?" akauliza tena, na yeye akanyoosha mkono kama yuko darasani, "Zamu yake basi," akasema Albano, akampisha, wala hakumwelekeza chochote, na alicheza vibaya, oo, vibaya sana, maisha matatu yaliisha kabla hajameza mate, wakacheka wakashika mbavu, na hakujali, hajui kama amewahi kufurahi vile tena... sitini na tano... baadaye alikuja kuwashinda wote, akina Albano na wengine, hiyo ndiyo anayoisimuliaga, Blessing ameisikia mpaka imemchosha, ya kushinda, lakini hii ya kurukwa hajawahi kumsimulia mtu, na kwa nini imemjia leo, Jumapili, ametoka zake kanisani ana chai yake mkononi, kwa nini leo...

Ile rimoti. Haikukabidhiwa, imewekwa, na ameiona wapi imewekwa hivyo, Krismasi, palepale kwenye kochi, na likizo ya kidato cha nne, na siku ile ya mvua umeme uliporudi, "Mama, mchezo mmoja," na kila mara yeye kaisogeza kwa kidole, kaweka kikombe chake pale, kaanza kusifu mashine ya Manzese, hajamtukana mtoto, hajamfukuza, kaisogeza tu... Mungu wangu, miaka sita... na za zamani ni bora, hapo hakuna wa kumng'oa, atakufa nalo, lakini silo lililomzuia, ni aibu, mwalimu mzima wa hesabu afe mara tatu ndani ya dakika sebuleni kwake, achekwe na mtoto aliyemzaa, aibu tu, ndiyo hiyo, basi, na walishawahi kumcheka na akatembea mpaka Ubungo anatabasamu peke yake barabarani.

Asilimia tisini na nne, mstari haujafika, feni inazunguka, Blessing anaangalia simu yake, haiangalii rimoti, aliyezoea kurukwa haangalii, yeye mwenyewe ilipofika wiki ya pili alikuwa anatazama ukuta, na Demetria naye hajasogea, hii ya nani, hii ya nani, na chai inapoa mkononi na pa kuiweka ni palepale ilipo rimoti, ndipo ilipozoea, au sakafuni, sakafuni basi, chai itakwenda sakafuni, mkono ubaki wazi kwa rimoti.