Mama Iman Apanda Kit Mikayi

Kila Mildred, muuza mboga wa Silanga pale Kibera, alipotaja kijijini kwao Seme, mwenye nyumba wake, Mama Iman, alicheka. "Huko kuna nini, Mama Brandon, zaidi ya mawe na vichaka?"

Siku moja Mildred akachoka. "Basi twende ukayaone hayo mawe, Mama Iman."

Mama Iman, Mnubi aliyezaliwa Kibera na kuzeekea hapo hapo, hakuwahi kualikwa na mpangaji. Akakubali.

Walipofika Seme, Mildred alimtangulia kwenye njia nyembamba inayopita katikati ya mitama. Miguu yake ilikuwa ingali inaijua kila kona, maana ndiyo aliyopitia kwenda kuokota kuni utotoni. Mara Kit Mikayi ikawatokea mbele, mawe makubwa yamebebana kama ghorofa. Mama Iman akasimama, akainua kichwa kuyatazama.

"Nani aliyapanga?" akauliza.

"Hakuna mtu. Sisi tuliyakuta, na babu zetu waliyakuta. Kit Mikayi maana yake ni jiwe la mke wa kwanza."

Wakajipenyeza kwenye ufa, Mildred akimvuta mgeni wake mkono, mpaka wakatokea juu. Seme yote ilikuwa imetandazwa chini yao. Mama Iman, akihema, akampigia bintiye simu.

"Iman, niko kwao Mama Brandon. Wacha mchezo, huyu mtu ana kwao!"

Mildred akageuza uso asionekane akilia. Kisha akanyoosha mkono, akaanza kumwonyesha mgeni wake boma la wazazi wake, kisima, na kanisa alimobatizwa.