Hatua Kumi za Klaudia

Siku Damian alipozikwa, Julai mwaka 1988, mkewe Klaudia aliingia chumbani, akalala akielekea ukuta, na huko akabaki. Matanga yakaisha. Majirani wa Izigo wakakunja mikeka, wengine wakaenda nayo moja kwa moja kwenye msiba mwingine, maana mwaka ule misiba ilikuwa inapanga foleni. Klaudia hakumwona hata mmoja akiondoka.

Wiki ya tano Sista Immakulata, aliyesimamia wodi ya wagonjwa wa akili kwenye hospitali ya misheni, alimwita Mwijage. Mwijage hakuwa daktari wala mhudumu. Alikuwa na sifa moja tu: aliwahi kuugua kichwa, akapona, na hakuona haya kusimulia. Kwa kazi hiyo misheni ilimpa baiskeli.

"Gamaliel, mdogo wa marehemu, anasema shemeji yake ni kichaa," sista alimweleza. "Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa. Wakimkuta bado amelala, watamrudisha kwa kaka zake na kibanja, nyumba na migomba yote, kitakuwa cha Gamaliel."

"Kwa hiyo nimwambie ainuke?"

"Hilo wameshamwambia wote. Wewe kaa naye, msimulie yako."

Mwijage akafika Jumatatu, akaegesha baiskeli, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, akamwita mke wa Damian kwa Kihaya.

"Muka Damian, mimi ni Mwijage. Nilirudi kutoka vitani mwaka sabini na tisa, mwili mzima, kichwa kimebaki Uganda. Nililinda choo cha kanisa miezi saba, na fimbo mkononi. Haingii mtu bila neno la siri."

Akasogeza kigoda karibu na mlango.

"Siku moja padri alikuja mbio, ameshika tumbo. Akataja mitume wote kumi na wawili. Nikamwambia jaribu manabii."

Kitanda kikalia. Sauti iliyokauka ikauliza, "Kwani neno lilikuwa nini?"

"Hata mimi nilikuwa silijui, waitu."

Kilichotoka chumbani hakikuwa kicheko, lakini kilikaa jirani na kicheko. Mwijage aliendesha baiskeli hadi nyumbani akipiga mluzi.

Jumatano aliamua kumpikia. Alikata mkungu mzuri, akamenya ndizi kwa panga, akazitupa chunguni bila jani la kufunikia, akachochea moto kama anayefukuza nyuki. Moshi ukaingia chumbani. Baadaye kidogo mlango ukafunguka, Klaudia akatoka akishika ukuta, nywele zimesimama.

"Nani amekufundisha kuua ndizi?"

"Jeshi, muka Damian."

"Sasa naelewa kwa nini adui alikimbia. Lete kisu."

Akaketi, akamenya upya. Siku hiyo alikula ndizi tatu, akarudi kulala. Mwijage alikula zile alizopika mwenyewe, na aliona ni haki yake.

Jumamosi wazee wawili walifika, Mzee Buberwa na Mzee Lameki, na Gamaliel nyuma yao amevaa koti la harusi. Klaudia alikuwa ameketi mlangoni, ameoga. Mwijage alikuwa kando yake.

"Mnaona wenyewe," Gamaliel alisema. "Mgonjwa analindwa na mgonjwa."

"Nyamaza," alisema Buberwa. "Klaudia, mwanangu, hatukuja kukuuliza tarehe. Mimi mwenyewe siijui. Mwenye kibanja anajua mipaka yake. Tutembeze kwenye milamula, mmoja mmoja, tuone."

Milamula ndiyo miti ya mpaka, kila ukoo unaiheshimu. Klaudia akasimama, akamwinamia Mwijage.

"Miguu haitafika."

"Mimi siku ya kwanza kutoka wodini nilihesabu hatua kumi, nikapumzika. Halafu kumi nyingine. Usiangalie mbali."

"Na nikishindwa?"

"Tunarudi wote, tunapika."

Wakaanza. Mwijage alihesabu kwa sauti ya chini, moja hadi kumi, Klaudia akasimama, akavuta pumzi. Kumi nyingine, akasimama tena. Wazee walitazamana.

"Anapima," Lameki alinong'ona kwa heshima. Akaokota kijiti, na kila kumi ilipotimia akavunja kipande na kukitia mfukoni. Buberwa naye akaanza kuhesabu kwa vidole.

Gamaliel alisikia neno lile, anapima. Akafungua kifungo cha koti. Walipofika mlamula wa pili alifungua kingine.

Kaburi la Damian lilikuwa katikati ya migomba, udongo wake umeanza kushuka. Klaudia alisimama hapo kwenye hatua ya saba. Mwijage hakuendelea kuhesabu. Lameki alishika kijiti chake bila kukivunja. Wakakaa hivyo mpaka Klaudia mwenyewe aliposema, "Nane."

Mpaka wa chini ndio uliopakana na Gamaliel. Klaudia alienda hatua nne tu, akasimama akiangalia chini. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Wazee nao wakaangalia chini, kushoto, kulia.

"Ni hatua mbili tu!" Gamaliel alipasuka. "Niliusogeza hatua mbili, tena ilikuwa kwa muda!"

Watu wote wakamgeukia.

"Mbili?" Klaudia aliuliza. "Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa."

Buberwa akauendea mlamula, akausukuma kwa kidole kimoja. Ukalala. Kisha akautazama udongo mbichi, akalitazama koti la harusi.

"Gamaliel, vua hilo, ukachukue jembe. Urudishe mti ulikoutoa, sisi tukiwa hapa."

"Na habari ya ukichaa?"

"Ya nani?" Lameki aliuliza.

Wazee walisema siku hiyo hiyo kwamba Klaudia anakaa kwenye kibanja chake. Gamaliel alichimba hadi adhuhuri, na Klaudia, akiwa ameketi kwenye gogo, alimwambia mara mbili kwamba shimo halijafika kina.

Siku hizi bado zipo asubuhi ambazo Klaudia haamki, na Mwijage huja kuketi kwenye kigoda. Kila Jumanne wanakwenda pamoja upande wa Rubya, kwa mwalimu Ildefons, ambaye hajatoka chumbani tangu mkewe alipofariki.