Siku Ardhi Ilipokataa Maji

Wingu lilikuwa limeanguka shimoni, wala halikuwa na haraka ya kutoka. Ndivyo alivyoona kitinda mimba, binti aliyekuwa amechuchumaa ukingoni mpaka miguu ikafa ganzi bila mwenyewe kujua. Maji yalikuwa yametulia tuli, na humo ndani mbingu ilijipitia polepole.

Upande wa pili alisimama Bwana Afya na kijiti chake cha kupimia. Alitazama maji, akatazama saa, akatazama maji tena.

"Hayashuki," alisema.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi. Anayetaka choo cha ndani na tangi la majitaka uani, kwanza achimbe shimo dogo, alijaze maji, na ardhi ionekane ikiyanywa. Ikiyanywa, kibali kinatoka. Ikikataa, hakuna kibali, maana uchafu utakuja kuibukia kwa majirani.

Lakini katika nyumba hii kibali kilikuwa na maana ya mama. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na choo cha nje, kule nyuma ya banda, kilikuwa kimegeuka safari. Tangu alipoanguka njiani, kaka mkubwa alikuwa amekata shauri: choo kisipoingia ndani, mama anahamia kwake mjini, ghorofani. Mama hakubisha. Alianza tu kuwaaga kuku wake, kila mmoja kwa jina lake, akidhani hakuna anayemsikia.

"Tangu lini ardhi ikafanyishwa mtihani?" mama aliuliza kutoka kibarazani, alikoketi na gauni lake la kutokea.

"Usiogope, mama yangu," alijibu Bwana Afya. "Ikifeli hatuichapi."

"Ungeniambia mapema, ningeinong'oneza majibu."

Wakacheka wote watatu. Kicheko kilipokwisha, Bwana Afya alitoa kalamu mfukoni.

"Huu ni udongo wa mfinyanzi, dada. Sina la kufanya."

Mfinyanzi? Kitinda mimba alilichimba shimo lile kwa mikono yake jana, na mchanga ulikuwa ukimporomokea miguuni kama unga. Alitumbukiza mkono majini, akapapasa ukuta. Ulikuwa laini kama tumbo la chungu. Kisha vidole vyake vikatumbukia kwenye vijifereji vinne vilivyopinda pamoja, na chini yake vinne vingine.

Akafumba macho. Aliujua mkono huo. Utotoni alilala kando ya ukuta wa udongo ambao mama aliusiriba kwa mfinyanzi kila kiangazi, na kabla ya usingizi kumchukua alikuwa akivifuata vijifereji hivyo kwa kidole, akiamini ni mito na kwamba mmojawapo ungemfikisha mahali. Kwa kitambo alikuwa huko tena, puani harufu ya udongo mbichi, na mama akiimba kwa midomo iliyofungwa.

Alipofumbua macho, aliona mama ameficha mikono chini ya mapaja.

Kwa hiyo alfajiri, magoti yale yale yasiyofika chooni yalikuwa yamepigwa hapa. Kumbe mama alisikia tu kwamba mgeni atakuja kulitazama shimo. Kusema ni kumvua mama nguo mbele ya mgeni. Kunyamaza ni kumpoteza. Na binti mwenyewe ndiye yule ambaye darasani aliona heri akose alama kuliko kunyoosha mkono.

"Bwana Afya." Sauti ilimtoka ndogo. "Shimo limesiribwa."

"Limesiribwa na nani?"

"Nyumba hii... mgeni haonyeshwi kitu kisichosiribwa."

Kuku mmoja alikuja kuchungulia maji, akaondoka.

"Ni mimi, baba," mama alisema. "Kuta zilikuwa zimemong'onyoka, kama mdomo wa kibogoyo. Ningekuachaje uone vile?"

Bwana Afya akairudisha kalamu mfukoni.

"Mama, kazi yangu ni mashimo. Hakuna aliyewahi kunipambia hata moja." Akamgeukia binti. "Lete uma. Na kopo."

Waliyachota maji yote. Kitinda mimba alilala kifudifudi na kuukwaruza ukuta kwa uma, polepole, kama anayemchana mtoto nywele, mpaka udongo laini ukabanduka na mchanga ukajitokeza. Wakajaza tena, na binti akauacha mkono wake humo ndani. Bwana Afya akasimika kijiti chake, wakangoja. Jua liliwalalia migongoni. Kwa mbali ilisikika ardhi ikimeza, kwa sauti ndogo ya mtu anayekunywa usingizini.

"Inakunywa," alisema Bwana Afya, akainama kusoma kijiti. "Tena ina kiu. Kibali mtakipata."

Mama aliinuka kwa kushika ukuta.

"Mpigie kaka yako," alisema. "Mwambie kile chumba alichoniandalia ampangishe mtu."

"Nitampigia, mama."

Lakini hakuinuka. Mkono wake ulikuwa bado shimoni, na maji yalikuwa yakimshuka kutoka kwenye kiwiko kuelekea kiganjani, taratibu, kama mtu anayevuliwa bangili.